Biblia tatu mezani: Walivyojifunza kufasiri Wakristo wa Eastlands

Jumamosi asubuhi katika mitaa ya Eastlands, jua likiwa bado halijachoma mabati, si ajabu kusikia hodi mlangoni na kukuta watu wawili waliovaa nadhifu, mikoba mkononi, wakiomba dakika chache za kuzungumza juu ya Biblia. Ni Mashahidi wa Yehova. Mwenye nyumba akiwa Mwanglikana au Mkatoliki aliyezoea kusoma, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika penye suala la Roho. Mwenyeji atasema “Roho Mtakatifu.” Mgeni atasema “roho takatifu.” Basi hapo kazi imeanza, kwa sababu ugomvi wote umebebwa na kiambishi kimoja: m-.

Wanafunzi wa ngeli wanalijua jambo hili vizuri. Nomino “roho” imo katika ngeli ya I-ZI. Twasema roho yangu imetulia, roho safi, roho mbaya. Kwa kanuni hiyo, kivumishi “-takatifu” hakihitaji kiambishi chochote: roho takatifu. Ukisema “Roho Mtakatifu alishuka,” umeihamisha nomino hiyo hadi ngeli ya A-WA, ngeli ya watu na viumbe wenye uhai. Yaani umesema kwamba Roho ni nafsi. Mashahidi wa Yehova, ambao hufundisha kwamba roho ya Mungu ni nguvu zake za utendaji wala si nafsi, wameiacha katika ngeli yake ya kawaida. Makanisa mengine yanayokiri Utatu yameihamisha. Fundisho lililojadiliwa na mabaraza ya maaskofu katika karne ya nne linajadiliwa upya kwenye kizingiti cha nyumba Kayole, tena na watu ambao hawajawahi kuona ukumbi wa chuo cha theolojia. Hawajui Kigiriki. Lakini ngeli wanazijua, hata kama hawajui kwamba wanazijua.

Makala haya yanahusu watu hao. Historia ya Ukristo nchini huandikwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya wamishonari, maaskofu na mapadri. Lakini mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Pumwani na Shauri Moyo hadi Umoja na Dandora, ina historia yake ya wasomaji wa kawaida: vibarua wa reli, mafundi, mama mboga, makarani na walimu, ambao kwa takriban miaka mia moja wamekuwa wakifungua Biblia wenyewe na kuamua inasema nini. Nasema kwamba historia hiyo ni sehemu ya historia ya Kiswahili, na kwamba wasomi wa lugha tumeipuuza kwa hasara yetu.

Tuanze na kitabu chenyewe. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Kazi iliendelea kwa njia mbili. Kule Unguja, Askofu Edward Steere na wenzake wa misheni ya UMCA walitafsiri kwa Kiunguja, na Biblia nzima ikatoka mwaka wa 1891, Steere akiwa ameshafariki. Kule Mombasa, wamishonari wa CMS walishikilia Kimvita, na Biblia yao nzima ikapatikana mwaka wa 1914. Kwa muda mrefu, basi, Mkristo wa Afrika Mashariki aliyetaka kusoma Biblia kwa Kiswahili alikuwa na vitabu viwili, kila kimoja na lahaja yake. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka wa 1930, suala la Biblia moja likawa halikwepeki. Jibu lilikuwa Tafsiri ya Muungano: Agano Jipya mwaka wa 1950, Biblia nzima mwaka wa 1952. Ndiyo ambayo hadi leo wazee wengi huiita “Biblia” tu, bila kuongeza jina.

Kitabu hicho kilifikaje Eastlands? Jina la mtaa mmoja linatupa fununu. Mtaa wa Mbotela, karibu na Barabara ya Jogoo, umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa Novemba 1952. Baba yake alikuwa James Juma Mbotela, mwandishi wa “Uhuru wa Watumwa,” kitabu cha mwaka wa 1934 kinachosimulia habari za watumwa walioachwa huru na kupewa makao Freretown, Mombasa, kituo kilichoanzishwa na CMS mwaka wa 1875. Watu wa Freretown walikuwa miongoni mwa Wakristo wa kwanza nchini kujua kusoma, na lugha yao ya kanisani na shuleni ilikuwa Kiswahili. Reli ilipopanda kutoka pwani, Kiswahili kilipanda nayo, na pamoja nacho wakapanda makarani, walimu na makatekista waliokuwa na Biblia sandukuni.

Huku juu walikuta mji ambao tayari ulikuwa na Waswahili wake. Pumwani, mtaa uliotengwa rasmi na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika, ulikuwa kwa kiasi kikubwa mji wa Waislamu. Wakristo walioishi humo, na wale waliohamishiwa Shauri Moyo baada ya kijiji cha Pangani kubomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, waliishi ukuta kwa ukuta na watu waliokuwa na maneno yaleyale lakini wakiyatumia tofauti. Injili, Zaburi, nabii, malaika, toba, dhambi: yote hayo yalikuwa maneno ya msikitini kabla ya kuwa ya kanisani.

Chukua neno “zaka.” Jirani Mwislamu alijua kwamba zaka ya mali ni sehemu moja kati ya arobaini, tena ina wapokeaji wake waliotajwa, maskini wakiwa mbele. Mkristo akifungua kitabu cha Malaki alikuta neno hilohilo likiwa na maana ya fungu la kumi linalopelekwa hekaluni. Asili ni moja, hesabu ni nyingine. Mtu anayeishi Majengo hawezi kulisoma neno hilo kijuujuu, kwani jirani atamuuliza: zaka yenu humwendea nani? Swali hilo bado linaulizwa Eastlands, na siku hizi huulizwa pia na Wakristo wenyewe wanapoyatazama magari ya baadhi ya wahubiri.

Lakini Kiswahili hakikuwa peke yake. Mwaka wa 1926, Agano Jipya lilitoka kwa Gikuyu, na mwaka huohuo likatoka kwa Dholuo. Kilichofuata kiliwashangaza wamishonari. Walidhani wamewapa watu kitabu cha kuthibitisha mahubiri yao. Kumbe wamewapa kipimo cha kuyapimia mahubiri hayo.

Mzozo wa tohara ya wasichana ulipolipuka Kikuyuni mwaka wa 1929, wamishonari waliwataka waumini waape kuiacha. Wasomaji walirudi kwenye kitabu. Katika Agano Jipya la Gikuyu, Mariamu, mama yake Yesu, alikuwa ameitwa “mũirĩtu,” neno ambalo katika desturi lilikuwa na maana ya msichana aliyekwisha kutahiriwa, asiyetahiriwa aliitwa “mũirĩgu.” Wafasiri walitafuta neno la bikira. Wasomaji walisoma neno lililoandikwa. Wengine wakauliza: kama Mariamu mwenyewe ni mũirĩtu, mnatukataza nini? Sisemi kwamba hoja hiyo inaihalalisha desturi ambayo leo sheria ya Kenya imeipiga marufuku. Nasema kwamba ilikuwa hoja ya kiisimu, iliyotolewa na watu waliosoma kwa makini kuliko walivyotarajiwa. Mfasiri akichagua neno, amechagua na historia ya neno hilo.

Mwaka wa 1934 ulikuwa mchungu. Mnamo Januari, Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana aliyekuwa akiongoza vuguvugu la Roho huko Musanda, magharibi mwa Kenya, aliuawa pamoja na wafuasi wake kadhaa nyumba ilipochomwa moto. Mwezi uliofuata, polisi waliwapiga risasi na kuwaua Joseph Ng’ang’a na wenzake wawili wa kundi la Arathi, ambao leo twawajua kama Akurinu, katika msitu wa Ndarugu. Makundi haya mawili hayakuwa na lugha moja wala eneo moja. Yaliunganishwa na jambo moja: watu wa kawaida waliosoma habari za Roho kushuka katika Matendo ya Mitume wakasadiki kwamba habari hizo zinawahusu wao, bila kungoja ruhusa.

Tazama pia jina lenyewe. Wafuasi wa Mango waliitwa Jo-Roho, na dini yao ikaitwa Dini ya Roho. Katika Biblia ya Dholuo, Roho Mtakatifu ni “Roho Maler”, katika ya Gikuyu ni “Roho Mũtheru.” Wafasiri wa lugha zote mbili walikopa neno la Kiswahili, ambalo nalo lilitoka katika Kiarabu. Neno lililotumiwa na sheikh na mwalimu wa chuo pwani ndilo lililowapa waumini wa Siaya na Kiambu jina la imani yao. Leo, Jumapili yoyote, wenye vilemba vyeupe na wenye majoho na bendera na ngoma hupita katika barabara za Eastlands, nao wamelibeba neno hilo.

Mwaka wa 1968, mtafiti David Barrett alichapisha kitabu “Schism and Renewal in Africa,” alimochunguza takriban makundi elfu sita ya makanisa yaliyojitenga barani. Miongoni mwa sababu alizoziona ni kuwepo kwa Biblia katika lugha ya wenyeji. Kabla ya hapo, neno la mmishonari na Neno la Mungu havikuweza kutofautishwa. Baada ya hapo, msomaji aliweza kuvitofautisha. Aliona, kwa mfano, kwamba Ibrahimu na Yakobo walikuwa na wake zaidi ya mmoja na Mungu hakuwafukuza. Na ikumbukwe kwamba Agano la Kale zima halikupatikana kwa Gikuyu wala Dholuo hadi miaka ya 1950. Aliyetaka kusoma habari za mababu hao kwa ukamilifu kabla ya hapo ilimbidi asome Kiswahili au Kiingereza.

Sasa turudi mjini. Mwaka wa 1952, Tafsiri ya Muungano ilipotoka, ndio mwaka ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, tarehe 20 Oktoba. Aprili 1954, jeshi lilizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na Eastlands ikaumia zaidi. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa, wakachujwa, wengi wakapelekwa vizuizini. Katika kipindi hicho palikuwa na kundi lililojiita Ndugu. Hawa walikuwa watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Rwanda na Uganda kutokana na watu kama Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, ukaingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Walikutana makanisani na majumbani, wakaimba kibwagizo chao cha Kiganda, “Tukutendereza,” wakasoma kifungu, kisha kila mmoja akasimama kushuhudia. Padri alikaa benchi moja na mpishi. Mwanamke asiyejua kuandika aliweza kumwambia kasisi kwamba hatembei nuruni.

Ndugu hawa walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema kwamba waliokunywa damu ya Yesu katika ushirika hawawezi kunywa damu nyingine. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Hiyo ilikuwa tafsiri yao ya Biblia, hawakuamriwa na askofu, na baadhi yao waliilipia kwa maisha yao. Waweza kukubaliana nayo au kuikataa. Waliokula kiapo nao walikuwa na Biblia, na waliisoma habari ya Waisraeli kutoka Misri kwa macho yao wenyewe. Kitabu kimoja, mtaa mmoja, na majirani wawili wamefika mahali tofauti.

Uamsho ulituachia pia tatizo la sarufi. “Nimeokoka.” Kitenzi hiki kimetokana na “okoa,” lakini kiko katika kauli ya kutendeka, si ya kutendwa. “Nimeokolewa” hudokeza kwamba yuko aliyeniokoa. “Nimeokoka” hunyamaza juu yake, na huenda ndiyo sababu lilizua majivuno na manung’uniko. Zaidi ya hapo kuna kiambishi cha wakati. Wakatoliki na Waanglikana wa zamani waliwauliza Ndugu: mtu anawezaje kusema “-me-” kabla hajafa? Si aseme “-ta-”? Ndugu wakafungua Waefeso sura ya pili, ambapo kitenzi kina “-me-.” Wapinzani wao wakafungua Warumi sura ya tano, ambapo kina “-ta-.” Mwingine, mtu wa kutafuta amani, akafungua Wakorintho wa Kwanza sura ya kwanza, ambapo kina “-na-.” Mtume Paulo alitumia nyakati zote tatu. Aliyesoma mstari mmoja alikuwa na jibu. Aliyesoma yote mitatu alikuwa na swali bora zaidi.

Wakatoliki waliingia katika usomaji huu kwa njia yao. Kwa vizazi kadhaa, muumini wa kawaida alifundishwa katekisimu. Biblia aliisikia ikisomwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulibadili mambo, na hati yake kuhusu Ufunuo wa Mungu, ya Novemba 1965, ilihimiza waumini wote wasome Maandiko. Katika miaka ya 1970, maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia AMECEA waliamua kwamba msingi wa kanisa uwe Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mitaa iliyokuwa ikipanuka wakati huo, kama vile Buru Buru, Dandora na Umoja, ikawa mahali pazuri pa kuanzia. Nyumba kumi au ishirini za majirani, siku moja kwa wiki, sebule ya mtu, masomo ya Jumapili ijayo. Kila mmoja husema neno au fungu lililomgusa, kisha wanajadili linadai nini kwao: mgonjwa wa ploti ya pili, mtoto aliyekosa karo, jirani aliyefiwa.

Ni katika sebule hizo ndipo mtu huiona kazi ambayo nataka kuisifu hapa. Mezani hamna Biblia moja. Kuna ya Muungano yenye jalada jeusi, kuna Habari Njema ya miaka ya 1990 iliyoandaliwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, kuna ya lugha ya mama aliyokuja nayo mzee kutoka nyumbani, na ya Kiingereza ya kijana wa chuo. Kifungu kikisomwa, mtu husema: “Hapa yangu haisemi hivyo.” Sentensi hiyo ndiyo mwanzo wa ufasiri.

Mfano mmoja utatosha. Katika Sala ya Bwana, Wakristo wa Kiswahili huomba “mapenzi” ya Mungu yatimizwe. Kijana aliyezaliwa Eastlands, ambaye kwake mapenzi ni mambo ya wapenzi na nyimbo za redio, husikia kwamba tunaomba upendo wa Mungu utimie. Si kosa la kijinga. Kitenzi “penda” kimebeba yote mawili, kupenda mtu na kutaka jambo: apendavyo ni atakavyo. Wafasiri waliligawa shamba hilo vipande viwili, wakaita kimoja “upendo” na kingine “mapenzi,” lakini mtaa haukuufuata mgawo huo. Basi mzee mwenye Biblia ya Dholuo anafungua mstari huohuo na kukuta “dwaro,” yaani kutaka, wala si “hera,” yaani upendo. Jambo limekwisha. Hapana, halijakwisha, maana kijana anauliza: kwa nini basi Kiswahili kiliona kutaka kwa Mungu na kupenda kwake ni mzizi mmoja? Na hapo mzee naye anapata la kufikiria usiku.

Mwanafunzi wa theolojia hufundishwa kwamba asiyejua Kiebrania na Kigiriki hawezi kufasiri. Ni kweli kwamba lugha hizo ni muhimu, na Wakristo wa Eastlands hukosea pale ambapo lugha zote tatu za mezani zimekosea pamoja. Lakini msomi wa lugha mbili huijua siri moja ambayo msomi wa lugha moja haijui: kwamba neno si jambo lenyewe. Neno lingeweza kuwa jingine. Mkazi wa Eastlands, ambaye hununua sukuma kwa Kiswahili, humkaripia mtoto kwa lugha ya mama na kujaza fomu kwa Kiingereza, anaijua siri hiyo tangu utotoni. Kiswahili chenyewe kinaikiri, kwani “kufasiri” na “kutafsiri” vimetoka mzizi mmoja.

Wapo watakaosema kwamba namsifia mtu asiyestahili. Mnamo Aprili 2023, taifa lilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, ya watu wazima na watoto, wanaodaiwa kushawishiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kesi ziko mahakamani, na mahakama ndiyo itakayoamua nani ana hatia ya nini. Baada ya mkasa huo, wengi walisema: mnaona, hayo ndiyo matokeo ya kila mtu kujifasiria Biblia. Wakataka wahubiri wawe na vyeti.

Suala la vyeti lina uzito wake. Lakini mimi naona mkasa huo unatufundisha jambo tofauti. Haikuwa kwamba watu wa kawaida walikuwa wakisoma kupita kiasi. Walikuwa wamemwachia mtu mwingine awasomee. Linganisha na ile sebule ya Umoja. Pale, mtu akidai kwamba mstari fulani unamtaka mzazi amnyime mtoto chakula, mama wa upande wa pili atasema, “Wacha kwanza, hebu tusome mstari unaofuata.” Mwingine atasema kwamba Biblia yake haisemi hivyo. Hatari huja pale ambapo Biblia nyingine zote zimefungwa, na aliye mbele hana wa kumuuliza.

Nayo sebule hiyo ina maradhi yake siku hizi. Simu imeleta tafsiri nyingi mkononi, jambo jema, lakini kila mtu husoma akiwa ameinamia kioo chake. Vijana wengi husoma kwa Kiingereza na kujadili kwa Sheng, wakaruka Kiswahili katikati. Biblia ya lugha ya mama inabaki kabatini kwa kuwa mzee aliyeisoma amezikwa nyumbani. Wakati huohuo, mabango yanayotangaza manabii na mitume yameongezeka kando ya Barabara ya Jogoo, na katika ibada nyingi kipaza sauti ni kimoja tu. Meza ikibaki na Biblia moja, hata ikiwa ni nzuri kiasi gani, ile sentensi ya “yangu haisemi hivyo” haitasikika tena.

Sisi walimu wa Kiswahili tunaweza kusaidia bila kuwa wahubiri. Darasani twafundisha ngeli kama adhabu: orodha ya viambishi ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Siku moja jaribu kuandika ubaoni “Neno alifanyika” na “neno lilifanyika,” kisha uwaulize wanafunzi kwa nini waliotafsiri Injili ya Yohana walichagua la kwanza, ilhali neno ni la ngeli ya LI-YA. Mkristo, Mwislamu na asiye na dini watakuwa na la kusema, na hakuna atakayeuliza ngeli zina faida gani.

Jumamosi ijayo hodi itapigwa tena mahali fulani Kayole. Mmoja atasema Roho Mtakatifu, mwingine roho takatifu, na pengine hakuna atakayemshawishi mwenzake. Chai itapoa mezani. Lakini watakuwa wamesimama nusu saa, watu wazima wawili, wakibishana kwa heshima juu ya kiambishi kimoja cha Kiswahili, kila mmoja na kitabu chake wazi mkononi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wale waliolala Musanda na Ndarugu walilijua hilo, na ada yake waliilipa mapema.